Mkorosho wa Msikitini na Bango la Mwanafunzi

Mwezi wa Agosti uliopita, wakati mikorosho ya Mbesa, wilayani Tunduru, ilipokuwa katika kuchanua na harufu ya salfa imetanda vijijini tangu alfajiri, binti wa ndugu yangu, ambaye ndiyo kwanza amalize mwaka wa mwisho wa shahada yake ya kwanza ya sayansi, alifika nyumbani kutoka chuoni akiwa na mkoba mmoja wa nguo na kipande cha bomba la maji la plastiki kilichozibwa pande zote mbili kwa mifuko ya nailoni. Na abiria wenzake, kama alivyotusimulia mwenyewe, walikuwa wamemsumbua njia nzima tangu Songea wakitaka kujua ni kitu gani hicho asichokubali kikawekwa kwenye buti. Mlikuwa na bango. Alikuwa amelichapisha katika duka lile lile linalochapisha picha za maharusi na nyuso za wagombea, juu ya turubai lile lile lenye matundu ya chuma pembeni, hata alipolitundika baina ya nguzo mbili za baraza ya babu yake, majirani wa kwanza kupita waliuliza harusi ni lini, na waliofuata wakauliza anagombea nini.

Hakuwa akigombea kitu. Ikisiri yake ilikuwa imekubaliwa katika kongamano moja la wanasayansi huko Dar es Salaam, akatakiwa akasimame kando ya bango lake na kumweleza kila apitaye alichokitafiti na alivyokitafiti. Na kwa kuwa hajapata kuzungumza mbele ya watu wazima kwa zaidi ya muda wa kutoa salamu, nilimshauri aje kwanza afanye mazoezi kwetu, mbele ya wazee, wanaoijua mikorosho kuliko mimi na pengine kuliko wasimamizi wake.

Habari iliyoandikwa juu ya bango ilikuwa ya ubwiri unga. Msomaji wa Tunduru, au wa Masasi na Newala, hana haja ya kuelezwa. Lakini kwa msomaji wa Kigoma au wa Mwanza niseme kwamba ubwiri unga ni ugonjwa wa kuvu unaoshuka juu ya maua na majani machanga ya mkorosho katika miezi ya baridi, asubuhi za umande, ukayafunika kwa unga wa kijivu kama majivu yaliyopepetwa, na maua yaliyofunikwa hivyo hunyauka yasizae korosho. Nchi hii ilipata kuvuna tani zipatazo 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakaporomoka hata yakawa chini ya tani 20,000. Na ijapokuwa wanahistoria hutaja kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho yao nyuma imezongwa na pori, na hutaja pia bei duni, hakuna mkulima wa kusini asiyeutia ubwiri unga katika hesabu hiyo. Watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, pamoja na wenzao, walionesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa mapema huizuia kuvu hiyo isishike. Na tangu hapo ngurumo ya mashine za kupulizia ndiyo jogoo wetu kuanzia Juni.

Binti yetu alikuwa ametumia miezi ya mafunzo kwa vitendo, mwaka uliotangulia, akihesabu vishada vya maua katika mikorosho iliyopogolewa matawi na katika ile iliyoachwa ikasongamana, apate kujua ugonjwa unapendelea wapi. Jambo aliloliona halikuwa la kuushangaza ulimwengu, maana liliafikiana na yale ambayo mabwana shamba wanayausia siku zote, kwamba mti unaopitisha jua na upepo huugua kidogo kuliko mti uliojifunika kiza chake mwenyewe. Alieleza vizuri, na kwa adabu. Wazee waliitikia kwa vichwa. Kisha mmoja wao, mtu aliyevuka miaka themanini, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya na bakora yake baina ya magoti, akamwuliza:

“Mjukuu wangu, na ule mkorosho wa msikitini umeuhesabu?”

“Hapana, babu. Haumo katika mashamba niliyopewa.”

“Ule haujapogolewa tangu nimeoa. Wala salfa haupati, maana imamu alikataza, inawachoma watu macho wakitawadha. Na kila mwaka unazaa. Sasa kwa nini?”

Msichana alilitazama bango lake kama mtu atafutaye ufunguo mahali anapojua hakuuweka, akasema, “Sijui, babu.”

Nami nilifurahi, na furaha ile ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Kwani yawezekana mkorosho ule umesimama peke yake uani, ukapata jua pande zote kana kwamba umepogolewa. Na yawezekana salfa ya mashamba ya jirani huletwa na upepo, ambao haukusikia katazo la imamu. Na yawezekana pia kwamba asili ya mbegu yake ni ya miti yenye ustahimilivu, kwa maana mikorosho iliyoota kwa mbegu hutofautiana kama watoto wa baba mmoja, mmoja akaugua na mwenziwe asiugue. Na mwisho yawezekana kwamba mzee anaupenda mti ule, na mapenzi hukumbuka mavuno na kusahau ukame. Hizo ni njia nne za utafiti zilizofunguliwa na swali moja la mtu ambaye hajasoma zaidi ya chuo cha Kurani. Hakuna mtahini, hata angekuwa na shahada za kujaza ukuta, ambaye angeweza kuliuliza swali lile, kwa sababu hakuna mtahini aliyepata kutawadha katika msikiti ule.

Madai yangu ni mawili: kazi ya mwanafunzi wa sayansi haijakamilika inapojalidiwa na kukabidhiwa kwa msimamizi, bali hukamilika siku mwenyewe anaposimama nayo hadharani akaulizwa, na hadhara yake ya kwanza, kabla ya ile ya wanazuoni, yafaa iwe ya wale walioishi na jambo analolitafiti. Dai la kwanza vyuo vyetu hulikubali kwa ulimi. La pili bado sijakiona chuo kinacholifikiria.

Wala jambo hili si geni kwetu hata tuliogope kama desturi ya kizungu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, na vya huku bara kwa Wayao, mtoto hakuhesabiwa kuwa amehitimu kwa kunong'ona sura zake pembeni mwa mwalimu: alikalishwa mbele ya wazazi na majirani, akasoma kwa sauti, na aliyekosea irabu alirekebishwa papo hapo mbele ya shangazi zake. Na katika elimu ya juu ya dini, mwanafunzi wa Lamu au wa Unguja alikisoma kitabu mbele ya sheikhe wake, akaulizwa maana, akajibu, akaulizwa tena, mpaka sheikhe aliporidhika ndipo akampa ijaza ya kukisomesha. Elimu ilipita mdomoni na sikioni mbele ya mashahidi. Iweje basi elimu ya kemia na ya viumbe, ambayo haitaki kusadikiwa ila kwa ushahidi, ndiyo ipite kimya kimya kutoka meza ya mwanafunzi kwenda kabati la idara?

Tanzania inao mfano mmoja ambao ulimwengu mzima unaujua, nasi wenyewe twaukumbuka kwa fahari kuliko kwa mazingatio. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaingiza kwenye friji. Lakini nafasi ilikuwa haba, na mwenzake mmoja, kwa kuiwania, aliingiza ya kwake bila hata kuyachemsha. Basi Mpemba, kwa hofu ya kukosa mahali, akaingiza ya kwake yangali ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yangali uji.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amejichanganya. Likizo ilipofika akakutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akifanya biashara ya aiskrimu, akamkuta naye huingiza maziwa ya moto, kwa kuwa hivyo huganda upesi. Jambo hili husahauliwa katika masimulizi, nami naliona ndilo kiini chake: wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wakijua jambo ambalo darasa la fizikia lilikuwa likilikana. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, wakasomeshwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, Mpemba akauliza tena, naye mwalimu akamjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Na kuanzia siku ile kila alipokosea hesabu darasa zima lilimwambia kwamba hiyo nayo ni hesabu ya Mpemba. Lakini mtu huyu, badala ya kunyamaza, siku moja alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi aliingia, akachukua bilauri mbili, akajaribu mwenyewe, na jambo likawa lile lile.

Ndipo akaja Dakta Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwahutubia wanafunzi wa Mkwawa. Baada ya hotuba, wakaruhusiwa maswali. Mpemba akasimama, akauliza kwa nini maji yaliyoanza na joto la digrii 100 hutangulia kuganda kabla ya maji ya kiasi kile kile yaliyoanza na digrii 35. Mgeni alitabasamu, akamwomba alirudie swali, akamwuliza kama amelijaribu kwa mikono yake. Na aliposikia kwamba amelijaribu, akasema kwamba hajui, lakini atakaporejea Dar es Salaam atalijaribu. Wenziwe Mpemba walimlaumu, eti amewaaibisha kwa kumwuliza mgeni swali asiloliweza. Na kule Dar es Salaam fundi wa maabara, alipoagizwa afanye jaribio hilo, alirudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yalitangulia, akaongeza kwa uaminifu wa ajabu kwamba wataendelea kulirudia mpaka wapate jawabu lililo sahihi. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education la Uingereza, na jina la kwanza likawa la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisoma katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka karibu na Moshi. Naye Osborne alimwachia mwenzake asimulie kisa chake kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na vicheko vyote.

Msomaji mkali ataniambia kwamba Mpemba hakuwa mwanafunzi wa shahada, na kwamba lile halikuwa kongamano. Ni kweli. Lakini lilikuwa na kila kitu ambacho kongamano hutakiwa kuwa nacho, na ambacho makongamano mengi ya hotelini hayana: alikuwapo mtu mwenye jambo aliloliona, hadhara iliyosikia, na mwanachuoni mwenye insafu ya kusema “sijui” kisha akaenda kufanya kazi. Mwaka ule ule wa 1969 mtafiti wa Kanada aitwaye Kell alichapisha makala juu ya jambo hilo hilo, na kule kwao lilikuwa likijulikana mitaani kama lilivyojulikana Tanga. Maana yake, kijana wa Tanganyika angenyamaza miaka miwili zaidi, huenda leo jambo hilo lisingeitwa kwa jina lake. Wala mjadala haujafungwa. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelifafanua vizuri zaidi, yakaja majibu yapatayo 22,000. Na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza wakaandika kwamba wao, kwa maji, hawakupata ushahidi wa kuridhisha hata kidogo. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Aliyeuliza swali linalowashughulisha wanazuoni zaidi ya nusu karne hahitaji kuwa amelijibu.

Shule ile ya Mkwawa ndiyo leo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, nacho hufundisha walimu wa sayansi. Napenda kufikiri kwamba pale aliposimama Mpemba pamewekwa alama, lakini sijafika kuangalia.

Sasa tuitazame hali yetu ya leo, ambayo ina kinyume cha kuchekesha. Tangu 2012 wapo vijana wa sekondari wanaokusanywa Dar es Salaam na shirika la Young Scientists Tanzania, fikra iliyotoka Ireland, ambako maonesho ya namna hiyo yamekuwa yakifanyika tangu 1965. Na kila mmoja husimama mbele ya kazi yake, akahojiwa na waamuzi, wa kutoka Rukwa sawasawa na wa kutoka Masaki. Mtoto wa kidato cha tatu anapewa ukumbi. Lakini akishafaulu, akaingia chuo kikuu, akafanya utafiti ulio mkubwa zaidi na wenye vipimo bora zaidi, ukumbi ule huondoka, na hatapewa mwingine mpaka atakapokuwa mwanafunzi wa uzamili. Kana kwamba miaka ile mitatu au minne ya katikati ni eda. Yapo ya kushukuru: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki yake ya Utafiti na Ubunifu, wanafunzi wa utabibu wa Muhimbili wana chama chao kinachoandaa makongamano, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, hukutanisha watafiti kila baada ya miaka miwili. Ila ukiwahesabu wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofika huko, ukawalinganisha na maelfu wanaoandika ripoti za utafiti kila mwaka kwa sababu bila ripoti hawahitimu, utaona ni akali ya watu, tena aghalabu ni wale waliobahatika kuwa na msimamizi mwenye huruma.

Na fedha, je? Katika mafungu ya mkopo wa serikali mna chakula na malazi, mna vitabu na viandikwa, mna mafunzo kwa vitendo na mna utafiti. Nauli ya kwenda kuueleza huo utafiti haimo. Binti yetu alilichapisha bango lake kwa salio la fedha ya chakula, ambayo wao huiita “bumu”, na nauli ya kwenda Dar es Salaam imetoka katika malipo ya korosho za babu yake. Ni haki, ukitaka kulitazama hivyo, kwamba korosho zilipie elimu ya korosho. Lakini si kila mwanafunzi ana babu mwenye mikorosho.

Wenzetu wa ng'ambo hawakusubiri kumbi za wanafunzi zitokee zenyewe. Marekani, mwaka 1987, chuo kimoja cha mji wa Asheville, North Carolina, kiliwaita wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao waje waeleze tafiti zao, na kongamano hilo likaendelea miaka iliyofuata, likihama chuo hiki kwenda kile. Waingereza wakalifuata wazo hilo mwaka 2011. Sioni muujiza hapo. Ni ukumbi, mabango, chai, na watu wazima waliokubali kutenga siku mbili za kuwasikiliza vijana.

Hoja ya kupinga makongamano ya namna hiyo ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa walimu wa vyuo, tena walimu wema, ni kwamba kazi za wanafunzi hawa hazijaiva, na kwamba kuwatoa hadharani ni kuwafedhehesha wao na kukifedhehesha chuo. Nimeipima hoja hii kwa dhati, maana mimi mwenyewe nimepata kusomesha. Ni kweli kwamba nyingi hazijaiva. Vipimo vichache, mwezi mmoja shambani, hesabu za takwimu zilizofanywa usiku wa mwisho. Lakini kongamano si mnada ambapo tunda bovu hurudishwa. Ni mahali ambapo mtu huambiwa, mbele ya macho yake na kwa taratibu, ubovu uko upande gani. Mwanafunzi aliyeambiwa na mgeni kwamba angepaswa kuhesabu pia miti isiyopuliziwa salfa hatalisahau neno hilo maisha yake yote. Neno hilo hilo likiandikwa na msimamizi kwa wino mwekundu ukurasa wa 34, atalisahihisha kama kosa la herufi.

Ninachokiogopa ni namna ya kuwapokea wanafunzi. Nilihudhuria zamani kidogo kongamano moja, silitaji, ambamo wanafunzi sita walialikwa kwa taarifa kubwa, na mabango yao yakawekwa katika ujia wa kwenda maliwatoni. Na ilipofika zamu yao, iliyopangwa wakati wa chakula, waheshimiwa walipita na sahani zao za pilau wakitikisa vichwa, na mmoja akamwuliza msichana aliyesimama pale kama anaweza kumwonesha mahali pa kunawa mikono. Msichana alimwonesha. Kisha akarudi mahali pake, akanyoosha kola, akaendelea kusubiri. Hakika mtu akitaka kuua ghera ya kijana bila kutamka neno baya, hana haja ya kutafuta njia nyingine.

Tena wapo wanaonufaika na kiu hii ya vijana ya kusikilizwa. Zimezuka barua pepe za sifa, zinazomwita mwanafunzi “Profesa mpendwa”, zikimwalika kwenye makongamano ya miji mikubwa kwa ada ya mamia ya dola, ambako hakuna asomaye ikisiri wala aulizaye swali. Anayelipa hupewa cheti, na asiyelipa huandikiwa tena. Chuo kisichompa mwanafunzi ukumbi wa halali kimewaachia hao wamtafutie wa haramu.

Nirudi kwenye baraza, kwa sababu kuna jambo nililolistaajabia kuliko hata swali la mzee. Bango la binti yetu lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa, naye ilimpasa alieleze kwa Kiswahili, na mahali pengine, kwa ajili ya bibi wawili waliochelewa kuja, kwa Kiyao. Sehemu kubwa ilimwendea sahali: kuvu ni kuvu, umande ni umande, na vishada vya maua wanavijua kuliko yeye. Alipofika kwenye hesabu, akatamka neno moja la takwimu kwa Kiingereza, akasita. Bibi mmoja akamwambia, “Hilo liseme tusikie.” Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu akacheka, akakiri kwamba neno lile amelinakili kutoka ripoti ya mwaka uliotangulia, na hajui hasa linasema nini. Usiku ule alikaa na vitabu vyake mpaka saa sita, na asubuhi akaja na maelezo ya Kiswahili chepesi: kwamba ni namna ya kupima kama tofauti uliyoiona baina ya miti hii na ile ingeweza kutokea kwa bahati tu, hata kama kupogolea hakuna athari yoyote. Bibi alisema sasa amesikia.

Pale palipokuwa na neno lisilofasirika ndipo palipokuwa na elimu ya kuazima. Wanaosema Kiswahili hakiwezi sayansi wakumbuke kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, tangu 1990. Maneno yapo, na yasiyokuwapo yataundwa na watu watakaoyahitaji. Nami sisemi makongamano ya kimataifa yafanywe kwa Kiswahili, maana kuna wageni wa kusikilizwa na majarida ya kusomwa. Nasema mwanafunzi ambaye hajaweza kuieleza kazi yake kwa lugha ya nyanya yake, bado hajajua kama anaijua.

Kwa hiyo ningependa vyuo viifanye safari ya namna hii kuwa sehemu ya masomo, yenye alama zake katika mtihani wa mwisho, si fadhila. Mwanafunzi aliyechukua vipimo vyake Mbesa, au Kilwa, au Karagwe, arudi huko na bango lake kabla hajakabidhi ripoti, asimame katika ghala la chama cha msingi au katika uwanja wa shule, aulizwe, na maswali aliyoulizwa yaandikwe katika sura ya mwisho pamoja na yale asiyoweza kuyajibu. Gharama yake ni nauli na turubai. Halmashauri zetu hugharimia mabango makubwa zaidi ya hayo kwa ajili ya kumkaribisha kiongozi anayepita kwa dakika ishirini. Bodi ya Mikopo nayo iongeze fungu dogo la kongamano kwa waliokubaliwa ikisiri zao katika makongamano ya kweli, yaliyothibitishwa na idara. Na bango, kwa maoni yangu, ni bora kuliko hotuba kwa mwanafunzi anayeanza: katika hotuba ana dakika kumi na mwenyekiti anayetazama saa, na hofu ya umati, lakini kando ya bango watu humjia mmoja mmoja, kama wateja wa genge, na yule mwenye haya hupata wa kwanza wa kumzoea kabla ya kumpata wa pili wa kumtoa jasho.

Siku ya tatu, kabla ya kulikunja bango lake, binti yetu alichukua kalamu nene ya wino mweusi, na chini kabisa, palipokuwa na nafasi baina ya shukrani na nembo ya chuo, akaandika kwa mkono na kwa Kiswahili: kwamba upo Mbesa mkorosho mmoja usiopogolewa na usiopuliziwa salfa, ambao kwa kauli ya wazee huzaa kila mwaka, nao haukuhesabiwa katika utafiti huu. Nilimwambia kwamba maandishi ya mkono yataliharibu turubai. Akanijibu kwamba turubai ni lake.

Mzee, aliposikia kwamba mti wake umeandikwa, alituma mtoto msikitini akafunge kitambaa chekundu kwenye shina, ili wapuliziaji wasije wakakosea na wapogoleaji wasiuguse mpaka msichana arudi. Kisha akaja mwenyewe na bakora yake, akaomba asomewe. Alisomewa. Akafikiri kidogo, akasema limesahauliwa jambo moja, kwamba mabibo yake ni ya manjano, wakati ya miti mingine yote ya upande ule ni mekundu. Bango lilikuwa limekwisha kuingizwa kwenye bomba. Likatolewa, likakunjuliwa tena mkekani, na mzee akalishika pembe moja lisijikunje wakati msichana akiongeza.